Spelman ni ya nani? Jibu kwa mama wa Arusha

Swali: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha sita hapa Arusha na ameshikilia kuomba nafasi Spelman College ya Atlanta, Marekani, kwa sababu ni chuo cha wanawake Weusi. Kaka yangu aliyewahi kuishi huko anasema tusidanganyike: chuo kilianzishwa na wanawake wawili Wazungu, kina jina la wakwe wa tajiri Rockefeller, na kwa miaka mingi waliokiongoza ni Wazungu. Ni kweli? Kama ni kweli, kinaitwaje chuo cha wanawake Weusi? Na wasichana wa kutoka Afrika wanapokelewa?

Jibu: Marahaba, mama. Kaka yako hajakosea hata katika moja ya hayo matatu. Shida yangu na hadithi yake ni kwamba inaishia kwa waliotoa fedha na waliokaa ofisini. Haiwataji waliotoa kanisa lao, waliokaa darasani, wala waliotoka pale na kwenda kufundisha wenzao. Mimi nimefundisha historia ya elimu kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu hao ndio waliokifanya chuo kiwe chao. Kiti cha rais mwanamke Mweusi alikipata mwishoni kabisa, baada ya miaka 106.

Tuanze na mji wenyewe. Mwaka 1881 ilikuwa imepita miaka 16 tu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vimalizike na utumwa ukomeshwe Marekani. Katika jimbo la Georgia, sheria ya mwaka 1829 ilikuwa imekataza kumfundisha Mweusi kusoma na kuandika, awe mtumwa au huru, na adhabu zake zilikuwa faini na viboko. Kwa hiyo mwanamke Mweusi wa Atlanta aliyekuwa na miaka 30 mwaka ule alikuwa amezaliwa na kukua huku herufi zikiwa haramu kwake. Kazi alizoruhusiwa zilijulikana: kufua, kupika, kulea watoto wa watu. Lakini usimfikirie kama mtu aliyekaa akisubiri kuokolewa. Julai mwaka huohuo wa 1881, wanawake wafuaji wa Atlanta waligoma wakidai malipo bora. Walianza wakiwa 20, na katika muda wa wiki tatu wakafika kama 3,000. Wengine walikamatwa na kutozwa faini, na mgomo haukuvunjika kwa hilo. Shule unayoiuliza ilizaliwa katika mji huo, katikati ya wanawake wa aina hiyo.

Wale wanawake wawili Wazungu ni Sophia Packard na Harriet Giles, walimu kutoka Massachusetts. Packard alikuwa na miaka 57. Alizunguka majimbo ya Kusini mwaka 1880 na kuona jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoachwa bila shule, akarudi Boston kuomba msaada kwa chama cha wanawake wa Kibaptisti. Kanisa moja la mji wa Medford liliwapa dola 100 za kuanzia. Wakafika Atlanta wakiwa na nia, bila jengo, bila wanafunzi, bila mtu anayewajua.

Hapo ndipo anapoingia Mchungaji Frank Quarles, na ndipo hadithi ya kaka yako inapopungua. Quarles alikuwa Mweusi, mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Friendship na kiongozi aliyeheshimiwa sana na Wabaptisti Weusi wa Georgia nzima. Kanisa lake lilikuwa limejengwa kwa sadaka za watu waliokuwa watumwa juzi tu. Aliwapa wageni wake chumba cha chini ya kanisa, na la maana zaidi, akawapa jina lake zuri: akawatangaza kwa wachungaji wenzake, na wazazi wakawaamini kwa sababu yeye amewaamini. Tarehe 11 Aprili 1881 shule ikafunguliwa ikiwa na wanafunzi 11. Wengi wao walikuwa watu wazima waliowahi kuwa watumwa, na hamu yao kubwa ilikuwa kusoma Biblia wenyewe, bila kusomewa. Chumba kilikuwa na giza na unyevunyevu, moshi wa jiko la makaa ukiwaumiza macho. Baada ya miezi mitatu walikuwa kama 80. Ndani ya mwaka huohuo Quarles alisafiri kwenda Kaskazini kuitafutia shule fedha, akaugua huko na kufariki. Alikufa katika kazi ya shule hiyo, na ukisoma masimulizi mafupi ya chuo utakuta jina lake limepewa mstari mmoja au hakuna.

Sasa Rockefeller. Mwaka 1882 Packard na Giles walizungumza katika kanisa moja la Cleveland, Ohio, na John D. Rockefeller alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Aliahidi dola 250. Mwaka uliofuata shule ilihamia kwenye kiwanja cha ekari tisa chenye majengo matano ya mbao yaliyokuwa kambi ya jeshi la Kaskazini baada ya vita. Kiwanja kilikuwa na deni. Deni lisipolipwa, mabwana wa chama cha misheni walikuwa na mpango wa kuiunganisha shule hii na seminari ya wavulana iliyokuwa jirani, ile ambayo leo ni Morehouse College. Packard na Giles walikataa, wakijua kwamba katika shule ya pamoja msichana ndiye angekuwa wa kwanza kusukumwa pembeni fedha zikipungua. Weusi wa Atlanta na makanisa ya Georgia wakachanga, sarafu kwa sarafu kutoka kwenye mishahara ya kufua na kupika. Aprili 1884 Rockefeller akaja na familia yake kwenye maadhimisho ya miaka mitatu, akamalizia deni, na shule ikapewa jina la Spelman.

Usikose kujua Spelman walikuwa akina nani. Ni ukoo wa mkewe, Laura Spelman. Baba yake, Harvey, na mama yake, Lucy, walikuwa wapinzani wa utumwa kwa miaka mingi, na nyumba yao huko Ohio ilikuwa kituo katika njia ya siri ya kuwapitisha watumwa waliotoroka. Kwa hiyo jina lile lina uhusiano na ukombozi kabla halijahusiana na mafuta ya Rockefeller. Hata hivyo sitakuficha ninachofikiri: mtoaji mkubwa akishalipa, shule hujifunza kumsikiliza. Spelman ilijifunza hivyo, na ilichukua vizazi kadhaa kujinasua.

Walichofanya wanafunzi ndicho kinachonigusa mimi zaidi katika historia hii yote. Shule ilianza na kusoma, kuandika na hesabu, ikaongeza mafunzo ya ualimu, na mwaka 1886 ikaanza kufundisha uuguzi. Miaka 20 baada ya kile chumba cha chini ya kanisa, mwaka 1901, wanawake wawili walipata shahada za kwanza za chuo: Jane Anna Granderson na Claudia Turner White. Lakini kabla ya shahada kulikuwa na mamia waliotoka na cheti cha ualimu na kwenda kwenye vijiji vya pamba, wakafungua madarasa katika makanisa na vibanda. Selena Sloan Butler, aliyehitimu mwaka 1888, ndiye aliyeanzisha umoja wa kitaifa wa wazazi na walimu Weusi, wakati ule shule za Weusi na Wazungu zikiwa zimetenganishwa kwa sheria. Bibi na mama yake Martin Luther King walisoma Spelman, na dada yake Christine alihitimu pale mwaka 1948, akarudi kufundisha kwa miongo kadhaa. Ukitaka kujua chuo kilikuwa cha nani, tazama familia zilizokifanya kiwe mahali pa kupeleka binti, kisha mjukuu.

Na kuna sura ambayo sisi wa upande huu wa bahari tungepaswa kuijua kuliko tunavyoijua. Wasichana wa Spelman walikuja Afrika mapema sana. Nora Gordon alihitimu mwaka 1888, na mwaka 1889 akawa njiani kwenda Kongo kama mmisionari. Mwaka 1890 akafuatwa na Clara Howard, mwenzake wa Spelman. Fikiria, mama: mabinti wa watu waliokuwa watumwa Georgia wanashuka melini katika Kongo ya chini, nchi ambayo wakati ule Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa akiitawala kama mali yake binafsi, watu wakilazimishwa kubeba mizigo na kutoa mpira na pembe. Walifundisha watoto, na barua zao zilizofika Atlanta zilisomwa na wasichana waliokuwa wakisubiri zamu yao. Homa iliwamaliza nguvu wote wawili. Gordon alifariki mwaka 1901.

Mwaka 1902 mhitimu mwingine, Emma DeLany, alikuja karibu zaidi nasi: Chiradzulu, katika Malawi ya leo, iliyokuwa ikiitwa Nyasaland. Alifanya kazi katika misheni ya John Chilembwe, yule mchungaji aliyekuja kuongoza uasi dhidi ya Waingereza mwaka 1915 na kuuawa. Miongoni mwa watoto aliowafundisha DeLany alikuwemo Daniel Malekebu. DeLany aliporudi kwao, kijana huyo hakutulia mpaka naye akafika Marekani. Akasoma udaktari na kuhitimu katika Chuo cha Meharry mwaka 1917. Akamwoa Flora Zeto, mzaliwa wa Kongo aliyesoma Spelman. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeibomoa misheni ya Chilembwe baada ya uasi, na iliwachukua hawa wawili miaka mingi kupata ruhusa ya kurudi. Mwaka 1926 walirudi Chiradzulu na kuifufua misheni ileile, yeye akitibu na kuhubiri, Flora akiwafundisha wanawake. Kwa hiyo mtu akikuambia Spelman ni jambo la Wamarekani peke yao, mwambie kuna mhitimu wake, Mkongo, aliyeijenga upya misheni ya Chilembwe.

Uongozi ulikuwaje? Hapa kaka yako yuko kwenye ardhi imara. Kuanzia 1881 hadi 1953, miaka 72, marais wote wanne walikuwa wanawake Wazungu: Packard, Giles, Lucy Tapley na Florence Read. Kulikuwa na walimu Weusi, na wahitimu waliorudi kufundisha, lakini maamuzi makubwa yalikuwa ya wengine. Katika miaka ya Tapley mkazo ulikuwa ualimu na maarifa ya nyumbani, kwa sababu watoaji wa fedha wa Kaskazini waliamini kwamba Mweusi wa Kusini anahitaji ufundi kuliko vitabu vizito. Siwezi kuisema sera hiyo vizuri. Iliwachelewesha wasichana wenye akili za kusomea chochote. Read, aliyeingia mwaka 1927, miaka mitatu baada ya shule kuitwa rasmi Spelman College, aligeuza mwelekeo: akafunga mafunzo ya uuguzi na madarasa ya chini, akasukuma sayansi, lugha, fasihi na sanaa. Mwaka 1929 Spelman na Morehouse ziliingia mkataba na Atlanta University wa kushirikiana, na hadi leo vyuo vya mtaa ule vinagawana maktaba na mwanafunzi wa kimoja anaweza kusoma somo katika kingine.

Maisha ya bwenini yalikuwa ya amri nyingi. Msichana hakutoka nje ya geti bila msindikizaji, alivaa kofia na glavu akienda mjini, ibada ilikuwa lazima. Wengine hudhani ule ulikuwa uzungu wa kuiga. Mimi naona mambo mawili kwa pamoja. Walezi walikuwa wanawatawala wasichana kupita kiasi, ndiyo. Lakini pia katika Atlanta ya ubaguzi, ambako mwanamke Mweusi angeweza kutukanwa au kudhuriwa barabarani na hakuna mahakama ya kumsikiliza, wazazi walitaka ukuta na geti. Mila ya gauni jeupe, ambayo wasichana huvaa hadi leo siku ya waanzilishi na wakati wa mahafali, imetoka katika zama hizo, na wahitimu wenyewe ndio wanaoilinda.

Mwaka 1953 alichaguliwa Albert Manley, Mweusi wa kwanza kukiongoza chuo, na pia mwanamume wa kwanza. Wasichana aliowakuta walikuwa wameanza kuliangalia lile geti kwa jicho jingine. Mwaka 1960 wanafunzi wa vyuo Vyeusi vya Atlanta walichapisha katika magazeti ya mji, tarehe 9 Machi, tamko la kudai haki za binadamu: shule, kazi, nyumba, hospitali, kura, migahawa. Aliyeliandika kwa sehemu kubwa ni Roslyn Pope, rais wa wanafunzi wa Spelman, binti aliyekuwa amekaa mwaka mmoja masomoni Paris na kurudi akiwa hawezi tena kuvumilia ubaguzi. Tarehe 15 Machi mamia ya wanafunzi waliingia kwenye migahawa ya Wazungu pekee wakaketi. Wakakamatwa 77, wasichana wa Spelman wakiwamo. Mmoja wa viongozi wa harakati zile, Marian Wright, ambaye baadaye aliitwa Marian Wright Edelman, alihitimu mwaka huohuo, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuruhusiwa kufanya uwakili Mississippi, na mwaka 1973 akaanzisha shirika la kutetea watoto linalojulikana Marekani yote.

Uongozi wa chuo haukufurahia yote hayo. Howard Zinn, mwanahistoria Mzungu aliyekuwa akifundisha pale na kuwaunga mkono wanafunzi, alifukuzwa kazi mwaka 1963. Alice Walker, aliyekuwa mwanafunzi wake, alihamia chuo kingine na baadaye akawa mwandishi wa kusifika dunia nzima. Kwangu hilo linaonyesha kwamba uongozi wa Mweusi haukuwa lazima uwe wa upande wa wasichana. Walikuwa bado wanaambiwa watulie.

Ndiyo maana mwaka 1976 ulikuwa mkali. Manley alipostaafu, baraza la wadhamini lilimchagua mwanamume mwingine, Donald Stewart. Wanafunzi, pamoja na baadhi ya walimu, waliwafungia wadhamini ndani ya chumba cha mkutano kwa zaidi ya siku nzima. Hoja yao ilikuwa rahisi: chuo cha wanawake Weusi kina karibu miaka mia, na hajapatikana mwanamke Mweusi mmoja wa kukiongoza? Uteuzi haukubadilika, lakini swali halikuweza kurudishwa tena ndani ya chupa. Marian Wright Edelman akawa mwenyekiti wa wadhamini, na mwaka 1987 Johnnetta Cole, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya utafiti Liberia, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa rais wa Spelman. Wasichana walimwita Dada Rais, jina alilolipenda. Mwaka 1997 akafuatia Audrey Manley, mhitimu wa kwanza wa chuo kukiongoza.

Kuhusu neno lenyewe, chuo cha Weusi: sheria ya elimu ya juu ya Marekani ya mwaka 1965 inavitambua hivyo vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964 vikiwa na lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Kipimo ni lengo, hakuna anayeulizwa mwanzilishi alikuwa na rangi gani. Viko kama mia moja. Vya wanawake vimebaki viwili tu, Spelman na Bennett College ya Greensboro, North Carolina.

Bennett naitaja makusudi, maana inasaidia kulipima suala la fedha. Nayo ilianzia katika chumba cha chini ya kanisa, mwaka 1873, ikafanywa chuo cha wanawake mwaka 1926. Ilipata rais mwanamke Mweusi, Willa Player, katika miaka ya 1950, miongo mitatu kabla ya Spelman. Februari 1958, wakati kumbi nyingine za mji zilipoogopa kumpokea Martin Luther King, Player alimfungulia mlango wa chuo chake. Kwa ujasiri Bennett haikupungukiwa na kitu. Ilipungukiwa fedha. Haikuwa na Rockefeller, na mwishoni mwa 2018 ilitangaziwa kuondolewa ithibati kwa sababu ya hali ya fedha zake. Wahitimu na marafiki wakakusanya zaidi ya dola milioni nane ndani ya wiki chache, ikanusurika kufungwa, lakini ni chuo kidogo kinachopambana kila mwaka. Spelman imekuwa na wahisani wakubwa. Mwaka 1988 Bill na Camille Cosby waliahidi dola milioni 20, zawadi kubwa kuliko yoyote ambayo Weusi walikuwa wamewahi kukipa chuo cha Weusi. Mwaka 2015, tuhuma dhidi ya Cosby zilipozidi, chuo kilifuta cheo cha uprofesa chenye jina lao na kurudisha fedha zake. Mimi nahesabu siku hiyo kuwa muhimu. Shule iliyowahi kugeuza jina lake kwa heshima ya mlipa deni iliweza kumwambia mtoaji: chukua. Na Januari 2024 ilitangaza zawadi ya dola milioni 100 kutoka kwa Ronda Stryker na mumewe William Johnston, sehemu kubwa ikiwa ya ufadhili wa wanafunzi.

Mwisho, binti yako. Ndiyo, wasichana kutoka Afrika wanapokelewa. Chuo kina wanafunzi zaidi ya 2,000, na hakichagui kwa uraia. Ushindani ni mkubwa na ada ni kubwa. Mikopo na ruzuku za serikali ya Marekani ni za raia na wakazi wa kudumu, kwa hiyo yeye atategemea ufadhili wa chuo chenyewe au wa mashirika ya nje. Aandikie ofisi ya udahili mapema, kabla hajajaza fomu, aulize waziwazi ni ufadhili upi unaowahusu waombaji wa kimataifa na mwisho wa kuuomba ni lini. Majibu ya barua hiyo ndiyo yatakayowaonyesha kama safari inawezekana mwaka huu au asubiri ujao. Na kwenye insha ya maombi asiogope kumtaja Flora Zeto.